Watoto Themanini Kabla ya Jumatano

Ijumaa, 27 Septemba

Jumatano ni Siku ya Kuhesabiwa. Jimbo zima la Michigan wanahesabu watoto walioketi darasani. Bodi imenitolea uvivu: wakiwa chini ya themanini, shule yangu inafungwa, na watoto wanapelekwa mji wa jirani, kwenye shule ya Darlene Kessler. Ninao sabini na saba. Darlene! Alikuwa naibu wangu, nikamfundisha kila kitu! Leo katangaza piza kwa kila atakayehudhuria kwake. Nami nimetangaza kwamba watoto watanyoa masharubu yangu mbele ya shule nzima. Nimeyafuga miaka ishirini na mitatu. Karani wangu, Bernadine, kauliza ni mtoto gani aliyewahi kuyataka.

Jumapili, 29 Septemba

Nimekwenda kwa Bi. Stenroos, anayewafundisha watoto wake wanne nyumbani, kwenye meza ya jikoni. Sabini na saba na wanne: themanini na mmoja! Nikamweleza kwamba shule hii ilijengwa na wachimba shaba mwaka 1911, mji ukiwa hauna hata jela, ili mtoto yeyote asome bila kuulizwa baba yake ni nani. Bibi yangu alisoma hapa.

Akasema, "Ya 1911 nimeyasikia, Bwana Haapala. Ya leo je? Walimu watatu wamekukimbia tangu Pasaka, na paa la maktaba linavuja."

Nikasema ndoo zipo. Mwishowe kakubali kujaribu siku moja, Jumatano. Moja tu! Inanitosha.

Jumatano, 2 Oktoba

Saa moja na nusu asubuhi. Dirishani. Watoto wa Stenroos hawaonekani. Sita wengine wana mafua. Darlene kapiga simu kunipa pole mapema! Hapo akili ikanichangamka. Shule ikifungwa kwa dharura, hesabu inahamia kesho. Nikashuka chini, nikazima tanuri la kupasha joto kwa mkono wangu mwenyewe, nikawatumia wazazi ujumbe: baridi kali, leo hakuna shule. Mabasi yakageuza njiani. Nikajiona bingwa.

Dakika nne baadaye, Bi. Stenroos mlangoni na wanne wake.

Bernadine kauliza kama niliusoma waraka wa jimbo. Mtoto asiyekuwepo naye huhesabiwa, mradi arudi ndani ya siku zilizowekwa. Waraka huo upo chini ya kikombe changu cha kahawa tangu Agosti. Yaani tulikuwa tumeshapata themanini na mmoja. Nimejifungia ofisini hadi Bi. Stenroos alipoondoka.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tanuri limegoma kuwaka. Ni la mwaka 1958 na lina kinyongo. Watoto hamsini na wanne tu, wote na makoti. Wazazi wengine hawaamini tena ujumbe wangu. Masharubu yamenyolewa upande wa kushoto, kengele ya chakula ikalia, vinyozi wakatoweka wote.

Ila wa Stenroos wamo! Kumbe jana, nilipokuwa nimejificha, mwalimu wa sayansi aliwapa vitonge vilivyotapikwa na bundi, wakachambua mifupa ya panya na kuipanga upya. Aino, kitinda mimba wao, kakataa kifungua kinywa mpaka arudishwe amalizie mkia. Bernadine yuko kwenye simu tangu asubuhi, anawapigia wazazi mmoja mmoja, anaomba radhi kwa niaba yangu na kuwasihi wawarudishe watoto. Sikumtuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wote wamerudi ndani ya siku zilizowekwa. Themanini na mmoja! Bodi imekubali: shule haifungwi. Nililia kidogo, kwenye stoo ya vifaa.

Bodi imempigia makofi Bernadine na simu yake. Kisha mwalimu wa sayansi na bundi wake. Mimi wakanitazama shavu la kushoto. Bernadine kaniambia, "Mkuu, nakuomba, safari ijayo usifanye chochote. Kaa tu, unywe kahawa."

Wivu! Mimi naangalia ukweli ulivyo. Niliifunga shule siku moja, nikapata watoto themanini na mmoja. Februari tunahesabiwa tena. Nitaifunga siku mbili.