Kutu ya Upanga wa Kijapani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa meno amerudisha upanga. Upanga wangu! Ule wa Kijapani, wa vita, nilioununua kwenye mnada wa mtandaoni na kumuuzia kwa mbwembwe zote hapa dukani kwa baba mkwe. Ameulaza juu ya kaunta kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza, akaukwaruza mpini kwa ukucha. Ile ngozi ya samaki niliyomwapia kuwa ni ya asili ikabanduka. Plastiki. Nikaduwaa. Mwuzaji aliandika kabisa kwamba babu yake alitoka nao vitani. Mtu anawezaje kumsingizia babu yake mwenyewe?

Baba mkwe hakufoka. Afadhali angefoka. Alimrudishia daktari pesa zake, akamwomba radhi, kisha akatuita mimi na shemeji, mwanawe wa kiume. Shemeji huyu tunamwita Kalkuleta, kwa sababu hata kucheka hacheki mpaka apige hesabu kwanza. Baba mkwe akasema amezeeka na vitu vya kale vimemchosha. Daktari bado anautaka upanga, ila wa kweli. Atakayempatia kufikia Jumamosi ya wiki ijayo ndiye atakayekabidhiwa funguo za duka, awe mwana au mkwe. Mwingine atakwenda kumsaidia shangazi kwenye banda la kuku. Aliposema kuku alinitazama mimi.

Funguo hizo lazima nizipate. Kuku siwawezi. Wananitazama vibaya.

Jumanne, 4 Machi

Baba mkwe ametufundisha kutambua panga bandia. Nilidhani najua. Kumbe sijui hata nusu! Picha zenye ukungu, tia shaka. Hadithi ya babu, tia shaka zaidi. Ule mstari mweupe unaofuata makali uwe umeletwa na moto wa mhunzi, siyo umechorwa kwa asidi. Na msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachojificha ndani ya mpini, uwe na kutu nyeusi ya miaka mingi, siyo kutu ya rangi ya machungwa iliyopakwa juzi. Akaongeza kwamba panga za askari wa vyeo vya chini zilitoka kiwandani. Kila mmoja una namba yake kwenye chuma, na namba hiyo hiyo iko kwenye ala.

Hapo nikashtuka. Upanga wa daktari ulikuwa na namba mbili tofauti, na mimi niliponunua nilifurahi, nikaona nimepata zaidi ya nilicholipia.

Alikuwa anaingia kwenye panga za maafisa, na jambo fulani kuhusu kutu ambalo alisema ni kubwa kuliko yote, niliposikia simu ya Kalkuleta ikilia chumba cha nyuma ilikokuwa ikichajiwa. Nikasema tumbo linanisokota. Nikatoka. Nikachungulia. Kuna upanga mnadani anaufuatilia! Habari kama hiyo ni bora kuliko somo lolote.

Jumatano, 5 Machi

Nimeutafuta huo upanga wa Kalkuleta nikaupata. Nimecheka hadi mama watoto akaja kuuliza kama niko salama. Picha zimepigwa kama na mtu anayekimbizwa. Babu yumo kwenye maelezo, tena babu wa upande wa mama. Na namba hakuna. Si kwenye chuma, si kwenye ala! Bandia iliyokubuhu. Kalkuleta mzima, na mahesabu yake yote, anajipeleka mwenyewe mtegoni.

Mtu mwema angemwonya. Mimi nimefungua akaunti mpya kwa jina la Bibi Maua, na picha ya chombo chenye maua ya waridi. Bibi Maua atapandisha dau mpaka Kalkuleta alie. Shemeji atalipa pesa ya maana kwa bomba la maji lililonolewa.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandike nini.

Mnada ulifungwa alasiri. Kalkuleta alikuwa kwenye kiti cha mlangoni na simu yake, mimi nyuma ya kabati la vioo na yangu. Akaweka dau. Bibi Maua akaongeza. Akaweka. Nikaongeza. Nilimwona akifuta jasho, nikajiziba mdomo nisicheke. Nikaongeza tena, safari hii kwa nguvu, ili nimkomoe vizuri. Kalkuleta akaitazama simu, akaitia mfukoni, akaanza kuzipangusa saa za ukutani.

Nikasubiri. Hakurudi kwenye simu. Anapangusa saa! Skrini ikanipongeza kwa maua ya rangi rangi. Bibi Maua ameshinda.

Pesa zilikatwa palepale kutoka akaunti ya akiba ya kununulia friji, ambayo ni yangu na mama watoto. Ujumbe ukamfikia yeye kwanza. Akanipigia kuniuliza Bibi Maua ni nani na kwa nini anakula friji yetu. Nikamwambia ni mimi. Hakuniamini. Halafu akaniamini, ikawa mbaya zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Mzigo umefika. Na nina mpango.

Sheria za mnada ziko wazi: ukithibitisha kwamba kitu ni bandia, unarudishiwa pesa. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, nikasukuma kijiti kinachoshikilia mpini, mpini ukatoka. Msuka huo hapo, mweusi tii. Nikaupangusa kwa kitambaa ile kutu ya kupakwa itoke. Haikutoka. Nikapigwa na mshangao. Hawa matapeli siku hizi wanafanya kazi kwa bidii!

Nikaleta siki. Nikaleta msasa. Mwishowe nikaleta brashi ya waya tunayosugulia geti. Nimesugua alasiri nzima, vidole vimechubuka. Palikuwa na mikwaruzo ya maandishi kama nyayo za kuku, nayo nikaiondoa, maana ilikuwa inanizuia kusugua sawasawa. Chini yake nikakuta chuma kinachong'aa kama kijiko. Chuma kipya! Ushahidi! Nikapiga picha nyingi, zote safi, nikamtumia mwuzaji.

Amejibu kwa kuniuliza kama nina mtu mzima wa kuniangalia nyumbani. Lugha gani hiyo kwa mteja? Nimeshtuka.

Jumamosi, 15 Machi

Ningependa siku hii isiandikwe, lakini mama watoto amesema hata nisipoiandika yeye anaikumbuka.

Tulikusanyika dukani: baba mkwe, daktari wa meno, Kalkuleta, sisi wawili. Upanga nilikuwa nao kwenye mfuko, mapajani. Nilitaka kuutoa kwa kishindo, niwaonyeshe uchafu ambao Kalkuleta nusura auingize dukani. Ila yeye akaanza.

Alisema amekuja mikono mitupu. Aliuona mnadani upanga wa kweli, wa afisa. Akakumbusha kwamba baba alitufundisha: panga za maafisa hazikuwa na namba kwa sababu kila mmoja ulifuliwa na mhunzi wake. Picha zilikuwa mbovu, basi akamwomba mwuzaji picha nyingine, akatumiwa. Kutu nyeusi nzuri, na jina la mhunzi limechorwa kwenye msuka. Akapigana mpaka senti ya mwisho. Lakini kuna bibi mmoja, Bibi Maua, alikuwa na uwezo kuliko yeye. Akasema hana kinyongo naye. Pengine ni mjane, anatafuta kumbukumbu.

Nikaushusha mfuko sakafuni taratibu. Nikaanza kuusukuma chini ya kiti kwa kisigino. Mama watoto akainama, akauokota, akauweka mezani mbele ya baba yake.

Baba mkwe akautoa mpini taratibu. Akautazama msuka. Akaugeuza upande wa pili, akautazama tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana ni nani aliyeusafisha. Alikuwa ametufundisha siku ile, akasema, tena kama jambo kubwa kuliko yote: kutu ya msuka haiguswi, kwa kuwa ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Mimi siku ile tumbo lilikuwa linanisokota. Daktari wa meno alivua miwani akageukia ukutani.

Niliona aibu, sitaficha. Upanga ulipita vitani salama, ukaja kufia kwenye ngazi za nyumba yangu. Na mzee wa watu hakunitukana hata neno. Alichukua funguo akampa mwanawe, kwa sababu macho yake yaliuona upanga wa kweli hata kama mikono haikuupata.

Kalkuleta alizipokea. Akautazama upanga, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo kidogo kama anayejumlisha. Alipofika kwa Bibi Maua akaanza kucheka, na akashindwa kuacha.

Jumatatu, 24 Machi

Bandani kwa shangazi. Kuku wananitazama vibaya kama nilivyosema.

Lakini siku zote si sawa! Asubuhi hii, nikisubiri shangazi amalize kupanga mayai, nikatupia jicho mnadani. Nusura niangushe simu kwenye maji ya kuku. Panga za Kijapani, tatu, mwuzaji mmoja! Picha safi mpaka unajiona ndani yake. Babu hayumo popote. Na namba zipo, kwenye chuma na kwenye ala, zinalingana. Tena zote tatu zina namba moja, ile ile! Upanga mmoja wenye namba ungeweza kunidanganya. Tatu zenye namba moja zinathibitishana zenyewe kwa zenyewe.

Safari hii sikuondoka katikati ya somo. Nilimwandikia mwuzaji kuhusu msuka. Akajibu kiungwana kwamba kuna kutu kidogo ya rangi ya machungwa, lakini hata kidole kinaitoa. Angalau huyu ni mkweli.

Shangazi amenituma nikanunue chakula cha kuku, na pesa ameniwekea kwenye simu. Kuku ni wanene, wanaweza kuvumilia. Bibi Maua ameshalipa. Nimemwomba mwuzaji anisaidie kitu kimoja tu: aisugue kutu yote kabla ya kutuma, maana vidole vyangu bado havijapona.