Mutoto Wetu Hawezi Kuandikwa Sifuri

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Falone ametuma sauti kwenye simu. Huyu ni mutoto wa marehemu yaya yangu Joël, kaka yangu mukubwa. Nimemulea mimi na muke wangu Geneviève. Leo ni mwanafunzi Kanada. Nilimufikisha kule kwa nguvu zangu. Chuo nacho kilichangia kidogo.

Anasema kule hata mwanafunzi mugeni anajaza karatasi ya kodi. Nikashituka. Kodi! Mutoto anaosha sahani hotelini baada ya masomo, nao wanataka kodi! Akasema hapana, Baba mudogo, tulia, hawatanila. Ila lazima ajieleze mwenyewe: alipata nini kule, na alipata nini hapa Kindu kabla ya kusafiri mwezi wa Agosti. Chuo kinangoja jibu la watu wa kodi njo kimupe musaada wa karo. Bila jibu hilo, anarudi nyumbani, masomo yakiwa nusu.

Anachoomba ni barua fupi ya mulezi. Iseme hakuwa na mushahara wala mali. Niitume kwa Bibi Hélène, mama wa chuo anayesaidia wageni kujaza.

Hakuwa na kitu! Mimi, Mardochée, niandike kwa mukono wangu kwamba mutoto wa Joël ni sifuri! Tena mbele ya wazungu!

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Nimevuka muto Lualaba asubuhi, kutoka Alunguli mupaka Kasuku, nikiwa na shati la ndoa. Blaise, kijana wa sekretaria, akapiga maneno yangu kwenye mashine. Barua tamu! Falone ni mwenye nyumba ya matofali Kasuku, pikipiki tatu za kubeba abiria, na shamba la michikichi Lokandu. Kifaransa changu kilitembea kama gari la moshi, zile siku lilipokuwa linatembea.

Blaise aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu hakuwa tena na kitu cha kuniongezea.

Nyumba iko. Yaani, kiwanja iko. Yaani, mwenye kiwanja tunasalimiana.

Jumamosi, tarehe 13 Aprili

Ole wangu. Falone amepiga simu akilia. Bibi Hélène alifurahi sana kuona mutoto ni tajiri. Kisha akauliza: nyumba imepangishwa kwa nani? Pikipiki zinaingiza nini? Mawese yanauzwa wapi? Kila kitu lazima kiingie kwenye karatasi. Na mwenye pikipiki tatu hapewi musaada wa karo. Siku ya mwisho ni mwisho wa mwezi huu.

Akaniomba niandike tu kwamba nilikosea.

Kukosea! Geneviève alikuwa anapepeta muchele. Akasema bila kuinua kichwa, Baba ya watoto, ulimupa nyumba kwa mudomo, sasa mupokonye kwa mudomo huo huo.

Kumbe muke anaweza kusema jambo kubwa bila kujua. Kumupokonya! Njo hiyo!

Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Barua ya pili imeenda. Nyumba imeungua. Pikipiki zote tatu zilikuwa juu ya mutumbwi mumoja, kiboko akaupindua. Shamba limekanyagwa na tembo. Tembo niliwaongeza mwisho, karatasi ilikuwa bado na nafasi.

Sasa Falone hana kitu, lakini hana kitu kwa heshima.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Ubaya juu ya ubaya. Bibi Hélène alisoma barua, akalia. Akawasimulia wanafunzi. Wanafunzi wamechanga makoti ya baridi kwa ajili ya familia iliyounguliwa. Makoti! Kindu! Halafu, kwa upole sana, ameomba karatasi ya polisi juu ya moto ule.

Falone hakulia mara hii. Alisema kwa sauti ndogo: Baba mudogo, nipatie Mama.

Wakaongea jikoni, mulango umefungwa. Mimi nikakaa nikisikiliza redio. Ilikuwa imezimwa.

Jumapili, tarehe 21 Aprili

Geneviève ameandika barua mwenyewe. Mistari minne! Kisha akaenda kutafuta muhuri kwa Célestin, shefu wa avenyu yetu, mukubwa wa mutaa. Nikamufuata kwa mbali, kama mutu anayepita tu.

Célestin alikuwa ananingojea tangu sherehe ya kumuaga Falone, siku ile niliposimama juu ya kiti kutangaza nyumba ya Kasuku. Akasoma barua kwa sauti ya kanisani, na watu ndio kwanza walikuwa wanatoka kanisani. Kwamba Falone hakuwa na mushahara. Hakuwa na mali. Aliuza mikate kwenye meza ya mama yake mudogo, na faida tulikula wote.

Kisha akaniona nyuma ya ua. Kumbe Blaise alikuwa ameshamusimulia barua zangu zote mbili.

“Eh, Mardochée! Nyumba ya matofali imeungua, na sisi hatukusikia hata harufu ya moshi?”

Nikajibu ulikuwa moto wa haraka. Hata mashemasi walicheka.

Lakini alipiga muhuri. Barua imeenda.

Wacheke tu. Hawajui. Wakati wa vita, kwenye bariere, kile kizuizi cha pale kivukoni, askari walimuuliza kila mutu yuko na nini nyumbani. Mimi nilisema niko na wagonjwa wa kipindupindu nyumba nzima, pamoja na mama mukwe mwenye wazimu anayeuma. Wakanifukuza kama mbwa. Nikapita. Joël alikuwa nyuma yangu. Yaya yangu yule hakujua kusema uongo hata kwa mutoto mudogo. Akasema yuko na baiskeli. Wakamwambia, twende ukatuonyeshe.

Baiskeli haikuonekana tena. Joël pia. Falone alikuwa bado mutoto wa kubebwa mugongoni.

Sasa mutoto yule yule ameketi mbele ya serikali ya watu na anasema, kwa kinywa chake, hiki niko nacho, hiki sina. Nao wanaandika. Hakuna anayesimama kumufuata nyumbani. Nimewaza jambo hili tangu muchana, chakula kimepoa. Inchi ya namna gani ile, mutu anasema kweli halafu anaenda kulala?

Jumanne, tarehe 14 Mei

Imekubaliwa! Watu wa kodi wamejibu. Hata pesa walizomukata hotelini wanamurudishia. Chuo kimetoa musaada wa karo. Falone anabaki!

Geneviève alikaa chini, akajifunika uso kwa kitenge. Nikamushika bega.

Nikatoka kuwaeleza watu pale kivukoni. Nimewaambia Kanada ilinidai kodi, nikaiandikia mara mbili, ikaogopa, ikarudisha. Célestin alikuwepo. Akauliza iliogopa nini, tembo? Wivu mutupu.

Falone alinishukuru na mimi, kwa adabu. Akasema sasa amejua njia, vizuri, maana karatasi hii inajazwa kila mwaka.

Kila mwaka!

Akaongeza haraka kwamba mwakani barua ataandika Mama. Hataki kunichosha, njo malezi yangu hayo. Lakini siwezi kumuacha mutoto wa Joël asimame tena mbele ya serikali ile na mikate peke yake. Nimeshaanza kuandika. Nyumba wanaiulizia karatasi ya polisi, pikipiki wanaziulizia mapato. Basi, nimemupa kisiwa. Kisiwa kizima, katikati ya Lualaba, kiko chini ya maji karibu mwaka wote.

Wakija kukipima, nitawaambia wangoje maji yapungue.