Ombi la Tarishi wa Diski la Kushindanishwa na Waya

Kwa Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Kuchagua Mtandao wa Kuunganisha Vituo,
Ofisi ya Usajili wa Viwanja, Makao Makuu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, mmeketi katika vile viti vipya nilivyovipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya pili. Mimi ni yule tarishi wa pikipiki mnayemwona kila asubuhi akishuka ngazi na sanduku la bati kifuani. Kwa miaka sita nimekuwa nikiichukua diski yenye kumbukumbu zote za viwanja na kuipeleka Kituo cha Pili, kilomita kumi na moja kutoka hapa, ili jengo moja likiungua jengo la pili libaki na nakala. Wengi wenu hamjui jina langu. Mnaniita Sanduku, na sijawahi kulalamika.

Leo nalalamika. Nimesikia mnachagua kampuni ya kutuletea waya, ili kumbukumbu ziwe zinakwenda zenyewe, na kwamba mimi nitahamishiwa ghalani kuhesabu viti. Sitaki kwenda ghalani. Kwa heshima zote naomba kuyaweka mezani yafuatayo.

1. Sikualikwa kushindana. Zimealikwa kampuni tatu: ya faiba (ndiyo yenye huo waya wa kufukiwa), ya minara na ya setilaiti. Najua kwa sababu bahasha za mwaliko nilizipeleka mimi, zote kwa siku moja, mvua ikinyesha, na zilifika kavu. Sikujua kwamba nabeba barua za kuniondoa barabarani. Mtu pekee aliyewahi kusafirisha chochote kati ya vituo hivi viwili ndiye pekee ambaye hakuulizwa. Naona si haki.

2. Mwendo. Mtaalamu wetu wa mifumo, ambaye sote tunamwita Bwana Asilimia, amewaambia kwamba faiba ina kasi kunishinda. Siku ya majaribio nilikuwepo. Walianza kutuma kumbukumbu zote saa mbili asubuhi, na mpaka ofisi inafungwa zilikuwa zimefika asilimia sitini. Mimi, Ndugu Mwenyekiti, sijawahi kufika asilimia sitini. Haijatokea hata siku moja nikaingia Kituo cha Pili kichwa na kifua, miguu ikawa bado iko njia panda.

Nilipomweleza hivyo, Bwana Asilimia alicheka. "Kutuma zote ni mara ya kwanza tu, Sanduku," alisema. "Baada ya hapo yanakwenda mabadiliko peke yake. Kiwanja kikiuzwa hapa, na kule wanakiona kimeuzwa sekunde hiyo hiyo." Nimelifikiria jambo hili kwa siku tatu. Sisi ni ofisi ya viwanja. Kiwanja hakihami. Aliyenunua leo atakikuta pale pale kesho nitakapofika. Sijaelewa hiyo sekunde wanaikimbiza wapi.

3. Mahudhurio. Kampuni ya faiba imeandika kwamba huduma yake itapatikana kwa asilimia tisini na tisa nukta tisa. Naomba Kamati iulize, katika ile sehemu ndogo iliyobaki, waya utakuwa wapi. Mimi kwa miaka sita nimekosekana mara mbili, mara moja kwa jino na mara moja kwa msiba wa shangazi, na mara zote mbili nilijaza fomu. Waya nao ujaze fomu.

4. Usalama. Wanasema taarifa zitafungwa kwa namba za siri ambazo mwizi hawezi kuzifumbua hata akipewa miaka elfu. Sanduku langu lina kufuli, na juu yake nimeandika kwa rangi nyekundu DAWA YA MINYOO YA NG'OMBE. Katika miaka yote hii hakuna aliyejaribu kulifungua, isipokuwa mfugaji mmoja aliyenisimamisha kwa nia njema kabisa, nami nikamwelekeza dukani.

5. Njia ya akiba. Masharti yenu yanataka njia mbili zisizokutana, ili moja ikikatwa nyingine iendelee na kazi. Mimi ninazo tatu: barabara kuu, ile ya nyuma ya kiwanda cha matofali, na uwanja wa shule kwa hisani ya mwalimu mkuu. Kampuni ya faiba imewachorea njia zake kwenye karatasi, moja ya bluu na moja nyekundu, zikapendeza. Hapa nawaomba mnisikilize hata kama kwingine kote hamtanisikiliza. Bluu na nyekundu zinalala kwenye mtaro mmoja, mbele ya pale wanapoosha magari, mita mia mbili nzima. Mtaro huo nimeuona ukiwa wazi. Wiki iliyopita mafundi bomba walikuwa wanachimba hapo hapo, na sururu haiulizi waya ni wa rangi gani. Bwana Asilimia hajui, kwa sababu yeye ramani anaisoma akiwa amekaa.

6. Huduma za ziada. Pamoja na diski nimebeba miwani zilizosahauliwa, mihuri, miavuli, na keki moja ambayo sitaki kuizungumzia. Lakini kubwa ni maneno. Mwaka juzi Mkuu wa hapa na Mkuu wa Kituo cha Pili walikuwa hawasemezani. Mkuu wa hapa aliniambia, "Kamwambie yule mzembe ripoti yake nimeitupa." Nikafika kule nikasema, "Mkuu anakusalimu, anaomba uitazame tena ripoti." Yule naye akasema, "Mwambie akome." Nikarudi nikasema, "Amesema atafurahi kuitazama." Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanakula pamoja. Leo wote wawili ni wajumbe wa Kamati hii, na nadhani ndiyo kwanza wanalisikia hili. Waya ungewafikishia kila neno kama lilivyotoka kinywani.

7. Sasa nafika kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi. Kituo cha Pili kuna karani wa masijala, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa pili wa sanduku. Kila siku saa nne analifungua, analinganisha namba ya diski na ile ya kwenye daftari, anasaini, kisha ananiuliza, "Njia ilikuwaje leo?" Namweleza. Anasikiliza mpaka mwisho, hata siku ambazo njia haikuwa na lolote na nimelazimika kuongeza chumvi. Dakika hizo ndizo ninazoziamkia, na sioni haya kuiandikia Kamati hivyo.

Nampenda. Nimemwambia mara mbili kwamba nataka kumuoa. Mara ya kwanza alisema, "Tusubiri kidogo." Mara ya pili alisema, "Wewe lete diski." Hajakataa. Nimelichukua kama jambo linalohitaji ufuatiliaji wa kila siku, na ufuatiliaji huo naufanya kwa pikipiki ya ofisi. Mkileta waya, faili hili atalifuatilia nani? Mama yangu amekwisha kupaka rangi chumba cha pili. Kamati imejiandaa kwenda kumweleza mama?

8. Kwa sababu hizo naomba: kwanza, kampuni zote tatu zishindanishwe nami hadharani, kutoka lango hadi lango, kila mshindani akiwa na mzigo kamili. Pili, atakayeshinda asaini daftari la makabidhiano kwa mkono wake mwenyewe. Tatu, endapo Kamati itang'ang'ania waya, basi waya huo uajiriwe chini yangu kama msaidizi, ukae miezi sita ya majaribio kama nilivyokaa mimi, na ripoti ya mwenendo wake niiandike mimi. Nne, siku utakapokatika, nisiitwe kwa simu kana kwamba nilikuwa nimekaa nikingoja. Niandikiwe barua ya kunibembeleza, yenye muhuri.

Nimeeleza yote bila chuki. Nisalimieni dada wa mapokezi, na mlinzi wa lango la nyuma ambaye hunifungulia kabla sijapiga honi. Msalimieni pia Bwana Asilimia, maana ugomvi wangu ni na waya wake. Mama naye anawasalimu wajumbe wote, ingawa hajui mnakusudia nini.

Ni mimi mtumishi wenu, ambaye bado yuko barabarani,

Sanduku,
Tarishi wa Diski.

Baada ya kusaini:

Ndugu Mwenyekiti, kama mnavyojua, kila barua inayokuja kwenye kamati lazima nakala yake ipokelewe kwanza na masijala ya Kituo cha Pili. Asubuhi hii nimeipeleka nakala ya hii pamoja na diski. Karani ameisoma mbele yangu akiwa amesimama, na namba 7 ameirudia. Kisha ameingia ndani, akatoka na Kanuni za Makabidhiano, na kunifungulia ukurasa wa nne. Pameandikwa kwamba anayepokea diski asiwe mke, mume wala mchumba wa anayeileta, wasije wakafichiana makosa. Chini yake pana saini yangu, ya miaka sita iliyopita.

"Hukusoma ulichosaini?" ameniuliza. "Nikikubali asubuhi, mchana wanakufukuza. Miaka miwili nakulindia kazi yako, na wewe bado unanipigania uendelee kuniletea diski." Nimemuuliza kama mchumba wake angekuwa mtu wa ghalani ingekuwaje. Amesema mtu wa ghalani haleti kitu Kituo cha Pili, na amesema huku anacheka.

Kwa hiyo naomba Kamati ifute namba 1 hadi 8 na kunihamishia ghalani mapema iwezekanavyo. Kanuni za ghala nimezisoma zote, mara hii mpaka ukurasa wa mwisho, na hazina neno juu ya ndoa. Chagueni faiba. Ni huduma nzuri sana. Ila namba 5 ibaki kama ilivyo, kwa sababu siku waya utakapokatika mtaniita nibebe diski tena, na mimi nitakuwa mume wa mpokeaji. Waambieni kampuni wauhamishe ule wa akiba upite nyuma ya kiwanda cha matofali. Wakisema hawana watu wa kuchimba mtaro, Jumamosi sina kazi, na sururu nimekwisha kuazima.