Mume Wangu Alivyokufa Kikazi

Mume wangu Privatus ndiye mtu wa kwanza katika Mkoa mzima wa Ziwa Magharibi kufa akiwa kazini, kufufuka kwa maji ya ndizi, na kupongezwa na meneja wake kwamba amekufa vizuri. Wapo watu wa Muleba watakaoapa kwamba walimwona kwa macho yao. Mimi pia nilimwona. Mimi ndiye niliyekuwa mjane.

Lakini nianze na sisimizi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini Privatus alianza kunywa maji kama mtu anayezima moto tumboni. Mtungi niliojaza alfajiri, kufika saa nne ulikuwa mkavu. Na kila alipokwenda haja ndogo nyuma ya migomba, haukupita muda palikuwa na sisimizi, wamejipanga kama watu wa foleni ya unga. Nikamwambia aende hospitali. Akanijibu kwamba hata wadudu wanamtambua mtu aliyesoma.

Huyo ndiye mume wangu. Huku kwetu tunawaita nshomile, watu waliosoma na ambao hawalali mpaka jirani naye ajue kwamba wamesoma.

Hospitali wakamkuta na kisukari. Daktari akampa dawa na bomba la sindano, halafu akaniita na mimi, kwa sababu alishamtazama mwenzangu akamjua.

"Mama, kila asubuhi ajichome. Akishajichoma ale, na mchana ale tena. Akijichoma asipokula, atatoka jasho, atatetemeka, hatakuwa yeye, kisha ataanguka. Ukiona hivyo mpe kitu kitamu upesi. Ukichelewa, utamzika."

Neno la kuzika nilirudi nalo nyumbani Rwamishenye na halijatoka kichwani mpaka leo. Privatus alirudi na fahari.

"Ugonjwa huu haumshiki kila mtu," aliwaambia majirani. "Huu ni wa mawaziri na maaskofu. Ninyi endeleeni na malaria yenu."

Ndipo akapata kazi mpya. Mfuko wa Tahadhari wa Wakulima ulikuwa umefungua ofisi Bukoba mjini. Mkulima anakatwa kidogo msimu wa kahawa. Akiugua anatibiwa, akifa mjane wake anapata chochote. Sharti lilikuwa moja: ujiunge ukiwa mzima, usije ukiwa tayari mgonjwa. Na kwa wafanyakazi ilikuwa hivyo hivyo. Ukimaliza miezi ya majaribio na ukathibitishwa, Mfuko unakuletea dawa zako kutoka Mwanza, uugue ugonjwa wowote. Ukionekana mgonjwa kabla ya hapo, unarudi kwenu.

Mimi niliitaka hiyo dawa ya Mwanza. Yetu ilikuwa wiki hii ipo, wiki ijayo haipo, na wiki ilipokuwa haipo nilikuwa silali.

Meneja wa Mfuko, Ndugu Lukmani, mtu mpole wa Tanga, alimwuliza Privatus habari za afya yake. Privatus hakujibu kwa maneno. Aliinyanyua meza ya meneja mpaka kifuani, na chai ikiwa juu yake. Akaajiriwa.

Tangu siku hiyo ugonjwa wa mawaziri ukahama Rwamishenye. Ukimwuliza, hajawahi kupata hata mafua. Alijichoma chumbani, dirisha limefungwa, na bomba nililichemsha katika sufuria ya kunde ili jirani akichungulia aone kunde.

Siku ya safari yake ya kwanza, kwenda kuhutubia kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Muleba, nilipika ndizi na maharage, nikababua jani la mgomba motoni mpaka likalainika, nikamfungia chakula cha mchana.

"Nini hiki?" akauliza.

"Chakula chako."

"Mama Kemilembe, umewahi kuona afisa anafungua mkoba mbele ya wananchi, anatoa ndizi?"

"Nitamwona afisa akianguka mbele ya wananchi, hilo ndilo ninaloliogopa. Ule saa saba."

Akakiweka mkobani, akaondoka amenyooka ndani ya kaunda suti yake. Nikaenda kuwatupia kuku mahindi. Hapakuwa na kuku. Wote walikuwa nyuma ya choo, wamelizunguka jani la mgomba, wanakula maharage ya afisa. Mkobani, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ametia gazeti la Kiingereza la mwezi uliopita.

Nikafunga kifurushi kingine. Nikamwachia binti yetu Kemilembe nyumba na wadogo zake, nikasimama barabarani, nikapanda lori la kahawa, nikakaa juu ya magunia mpaka Muleba huku nikizika mtu kichwani kila tulipopanda kilima.

Nilipofika kijijini ilikuwa imepita saa nane. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ghala la kahawa. Privatus alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, anawahutubia wakulima kwa Kiingereza. Hilo halikunishtua, hivyo ndivyo alivyo akiwa mzima. Kisha akanyamaza. Akapangusa paji la uso. Akasema kwa sauti ndogo, "Samahanini ndugu zangu. Huenda sikueleza vizuri. Kosa ni langu."

Tangu anioe sikuwa nimewahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Sukari ilikuwa imeshuka.

"Tuseme," akaendelea, midomo ikimcheza, "tuseme mimi ninaanguka hapa, sasa hivi."

Akaanguka.

Watu wakapiga makofi.

Msiwalaumu. Wiki iliyotangulia walikuja vijana wa kampeni ya vyoo na mchezo wao wa kuigiza. Humo mtu mmoja alikufa kwa kuhara, na akafa tena mara ya pili kwa ajili ya waliochelewa. Kijiji kilikuwa kimeshazoea kuona mauti bora, na mkosoaji wao mkuu alikuwa bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa, Bibi Kokushubila.

"Huyu anakufa vizuri kuliko yule wa choo," akasema. "Tazameni jasho. Jasho la kweli."

Nikajipenyeza huku nikipiga kelele.

"Na mke amekuja naye," wakasema nyuma yangu.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Philbert, akanishika mkono. "Taratibu, mama. Kwanza marehemu atulie, ndipo mjane aingie."

"Mimi ni mke wake wa kweli."

"Ndiyo, ndiyo. Na unalia vizuri sana. Ngoja kidogo."

Nikamng'ata.

"Mae waitu," Bibi Kokushubila akashangaa kwa Kihaya, "mjane naye anaiweza kazi."

Kando ya kiti cha mwenyekiti palikuwa na kibuyu cha omuramba, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. Nikakinyakua.

"Hicho ni cha mgeni," Philbert akasema, mkono wake ukiwa kwapani.

"Mgeni ndiye huyu."

Nikamlaza Privatus ubavu, kichwa chake pajani pangu. Bado alikuwa akimeza. Nikamdondoshea ulimini, tone, tone, nikingoja kila tone lishuke. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki. Juu yangu kijiji kizima kilikuwa kinaelezana kwamba hapo sasa ndipo Mfuko unapomtibu.

Akafumbua macho. Mtu mwingine angesema asante. Privatus aliyasikia makofi kwanza. Akakaa, akainuka, akakung'uta suti, akasema, "Na hivyo, ndugu wananchi, ndivyo Mfuko unavyofanya kazi."

Walijiandikisha wote. Bibi Kokushubila aliuliza kama inawezekana kumwandikisha na marehemu mumewe, kwa kuwa naye alipenda omuramba.

Nikampeleka nyuma ya ghala, nikamfungulia kifurushi.

"Uliwaona walivyonipigia makofi?" akaniuliza, kinywa kimejaa maharage.

"Nilikuona ulivyokuwa unakufa."

"Msanii hafi nusu."

Ningeweza kurudi pale mbele nikasema ukweli. Lakini ukweli ungemfukuzisha kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa na dawa ya Mwanza. Nikanyamaza. Nikawa mjane wa Mfuko.

Habari zikamfikia Ndugu Lukmani, akafurahi kupita kiasi. Akaagiza mkutano mkubwa pale Muleba, wenyeviti wote wa vijiji waje, yeye mwenyewe awepo, na Privatus aanguke tena. "Na mama asikose," akaagiza. "Yule mjane ni muhimu."

Wiki nzima Privatus alifanya mazoezi juu ya godoro letu. Akajifunza kuanguka kwa ubavu, kwa mgongo, na kwa namna moja aliyoiita ya Ulaya, ambayo ndiyo iliyovunja kitanda.

Siku ilipofika nilimsimamia mpaka akamaliza sahani. Nikajiambia leo hakuna hatari, ameshiba. Sikufikiri kwamba mtu aliyeshiba huanguka vibaya.

Pale Muleba, mbele ya ghala, kando ya kreti yake ya soda, alipofika kwenye "tuseme ninaanguka," alitazama nyuma. Akasogeza kokoto kwa kiatu. Akavuta suruali magotini isije ikajikunja, akashuka chini polepole, akajilaza, jicho moja likimtazama meneja.

Bibi Kokushubila alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kijijini kwake ili aone mara ya pili.

"Siye huyu," akasema. "Huyu anajiandaa kulala. Jasho liko wapi?"

Watu wakaanza kuguna. Ndugu Lukmani akageuka kwenye kiti chake.

"Labda hajapewa omuramba," akasema Philbert, mkono wake umefungwa kitambaa. "Mjane, mpe."

Nikakikumbatia kibuyu. "Leo hahitaji."

"Mjane naye leo hafai," Bibi Kokushubila akasema.

Wakanipokonya. Vijana wawili wenye nguvu wakamshika marehemu kichwa na miguu, wakaanza kummiminia. Hawakudondosha. Walimimina kama wanaojaza pipa. Angeweza kufunga mdomo, lakini angekuwa ameharibu mchezo mbele ya meneja. Akameza. Akameza kibuyu cha utamu juu ya sahani ya ndizi, mtu mwenye kisukari, na nusu ya maji ikamwingia shingoni na kushuka ndani ya suruali.

Nilitazama koo lake likipanda na kushuka. Nikasikia sauti ya daktari.

"Mwacheni, mtamuua. Ana kisukari."

Vijana wakaachia. Ndugu Lukmani akaja taratibu.

"Mama, umesema nini?"

"Ana kisukari. Siku ile hakuigiza, alikuwa anakufa kweli."

Meneja akainama. "Ndugu Privatus, ni kweli?"

Marehemu hakujibu.

"Ndugu Privatus."

Marehemu akafumba macho kwa nguvu. Nadhani aliona kwamba maadamu amekufa hawezi kuulizwa swali, na labda alikusudia kubaki maiti mpaka miezi ya majaribio iishe.

Hapo ndipo nilipowaona sisimizi. Walitoka kwenye ukuta wa ghala, wale weusi wenye meno, wakaja kwa mstari ulionyooka, wakaufuata utamu mpaka kwenye kiatu, wakapanda soksi, wakaingia ndani ya mguu wa suruali. Ningeweza kusema. Sikusema.

Kope la marehemu likacheza. Kisha pua. Kisha akaruka juu akipiga mapaja yake kwa mikono yote miwili, akazunguka kreti, na mbele ya meneja na wenyeviti wote wa vijiji, afisa wa Mfuko wa Tahadhari akavua suruali.

"Sasa ndiyo amefufuka," Bibi Kokushubila akasema, akaridhika.

Nilimnywesha maji mengi siku hiyo, nikamrudisha hospitali, na daktari aliyasema aliyoyasema. Ndugu Lukmani alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilijionyesha mzima," Privatus akajibu akiutazama ukuta.

"Ulinimwagia chai."

Meneja alifikiri sana. Watu walikwisha kujiunga kwa sababu ya huyu mtu kuanguka. Kumfukuza kungemlazimu kuwaeleza wenyeviti ni kwa nini. Mwishowe akasema atamthibitisha na dawa italetwa. Lakini kila mkutano, ikifika saa saba, Ndugu Privatus atakatiza hotuba yake, atafungua mkoba mbele ya wananchi, atatoa jani la mgomba, atakula ndizi zote na maharage yote, na kuwaeleza kwa nini anakula.

"Na mama ndiye atakayemfungia chakula," akaongeza.

Ndivyo ilivyo hadi sasa. Watu huwahi kufika ili wapate mahali pazuri pa kumwona afisa akitafuna. Bibi Kokushubila humkagua mpaka punje ya mwisho. Dawa inafika kutoka Mwanza, ninaihifadhi kwenye mtungi wenye ubaridi, na usiku ninalala. Yeye hujisifu kwamba ndiye afisa pekee nchini anayelipwa mshahara kwa kula.

Mwezi uliopita alirudi jioni, akakaa, akala kidogo, akaweka mkono wake juu ya wangu. Akasema polepole, "Mke wangu, asante. Kama si wewe ningekuwa chini ya udongo. Nilikuwa mjinga."

Nikaruka. "Kemilembe, omuramba, haraka. Baba yako anazidiwa."

Alikunywa bila kubisha, jambo lililozidi kunitia hofu. Nikakaa mbele yake, nikimtazama paji la uso.

Hatimaye akasukuma sahani, akasema maharage yamezidi chumvi, na kwamba mtu wa cheo chake hastahili kupikiwa namna hii.

Nikamshukuru Mungu, nikatoa vyombo. Alikuwa amepona.