Kompyuta ya Gredi ya Nne

Jumatatu, 9 Juni
Nyawira ametoka shule na habari. Ijumaa darasa lao, Gredi ya Nne, litaletewa mgeni awaeleze kazi zinazohitaji kuandika programu za kompyuta. Mgeni nani? Ravneet! Jirani yetu wa ghorofa ya juu, hapa hapa Kileleshwa, anayeandika programu za mashine za hospitali. Nikamuuliza binti yangu kwa nini si mimi, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Adams Arcade, kompyuta zimejaa. Akanijibu kwa upole wa daktari: "Baba, wewe unachapa tu."

Unachapa tu! Nikausukuma ugali kando.

Jumanne, 10 Juni
Nimefunga saiba mapema, nikamwendea Mwalimu Munyiva wa darasa la Nyawira. Nikamwambia hata mimi ni mtu wa programu. Akauliza zipi. Nikasema zote. Akaomba nitaje moja tu. Nikakohoa. Akasema mgeni ameshapatikana, ila Ravneet anahitaji mtu mzima wa kumsaidia kwenye zoezi. Nimekubali haraka. Msaidizi akiwa hodari, nani atamkumbuka mgeni?

Alhamisi, 12 Juni
Ravneet amenieleza zoezi kwenye ngazi, akitabasamu kama mtu asiye na adui. Eti mimi nitakuwa kompyuta. Watoto wataniagiza nipike chai, hatua kwa hatua, nami nisifanye lolote wasilosema. Chai! Chai yangu inasifiwa hadi Hurlingham. Nitaipika mpaka wamsahau. Mke wangu, Waringa, ananiambia nifuate nilivyoambiwa. Naye anaanza kunionea wivu. Nimeficha iliki mfukoni.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu!

Ravneet alianza na kazi zenyewe: wanaoandika programu za ndege, za michezo ya simu, za kumwambia mkulima shamba lina kiu. Watoto midomo wazi. Nyawira alimtazama vile hajawahi kunitazama mimi. Roho ikaniuma kama jino bovu.

Zamu yangu. Wakasema niwashe jiko la umeme. Nikawasha. Nikamimina maji na maziwa pia, nikatia majani, nikatia iliki, nikakoroga kwa madaha. Kelele! "Hatujasema!" Nanjala wa dawati la mbele akatangaza kwamba kompyuta hii ina virusi. Ravneet akawauliza kosa liko wapi, kwenye maagizo au kwenye mashine. Darasa zima likaninyooshea kidole. Hata Nyawira.

Haya. Nikaamua kutii. Kutii kabisa! Mikono chini, kimya. Chai ikaanza kupanda. Watoto wakapiga mayowe: "Baba Nyawira, inamwagika!" Hilo si agizo. Ikafurika, ikaenea meza ya mwalimu, ikashukia viatu vyangu vya kanisani, nami nimesimama wima kama nguzo ya stima. Ndipo Nyawira akasema, bila kupayuka: zima jiko, shika sufuria kwa kitambaa, inua, weka chini. Nikafanya. Darasa likampigia makofi. Ravneet akamwambia ana kichwa cha kazi hii. Mtoto akang'aa.

Mimi nikapewa tambara.

Jumapili, 15 Juni
Nyawira ametangaza kwamba akiwa mkubwa ataandika programu. Nikangoja jina langu. Akalitaja! Alisema Baba asingekuwa kompyuta mbovu vile, yeye asingeelewa somo. Waringa alicheka mpaka akashika ukuta. Ravneet naye ametuletea sambusa za pongezi. Nimekula nyingi, nikiwa nimenuna.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu, na kosa nimeliona: nilikubali kuwa msaidizi. Mwezi ujao darasa litaletewa daktari wa meno, Haron, baba yake Emmah anayesoma na Nyawira, yule wa gari refu na kicheko cha kujisikia. Tayari nimemwandikia Mwalimu Munyiva asijisumbue kumwalika. Meno nayajua. Nimeishi nayo.