Mawakili Wote ni Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ameomba talaka mahakamani. Ameniambia asubuhi, akiwa amesimama, maana kiti alichokuwa akikikalia ni cha mteja, na mteja alikuja jana kukichukua. Ndiyo maisha ya mke wa fundi makochi. Amesema amechoka kukalia viti vya watu na kuishi na mtu anayewaza tu, hasemi. Nikataka kumjibu. Lakini jua lilikuwa limeingia dirishani, vumbi la sponji likielea taratibu, nikawa naliangalia. Nilipozinduka alishaondoka kwenda kwa kaka yake.
Simtaki aende! Hilo naliandika wazi.

Jumanne, 4 Machi
Karani wa mahakama amefuata kochi lake. Halijaisha. Nikamwuliza maswali kwa niaba ya rafiki yangu. Rafiki akigoma kusaini, je? Kesi itaendelea bila yeye, kasema. Nyumba inakuwa ya nani? Inategemea. Wakili mmoja anaweza kuwatetea mume na mke? Thubutu! Wakili akishasikia siri za mmoja, hawezi tena kumsimamia mwenzake.
Nikajilaza kwenye kochi la karani, karani kasimama, nikaona mwanga. Mawakili wa mji huu ni wa kuhesabika, wote mtaa mmoja. Nikiwawahi wote, mke wangu atakosa wakili. Bila wakili hakuna kesi. Bila kesi atarudi. Jamani, nina akili!
Karani akaomba nimpishe alibebe hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Wakili wa kwanza ana feni inayozunguka kivivu. Tamu kuitazama. Akauliza mtoto atakaa na nani. Nikasema binti yetu mtu mzima, ana kwake. Akauliza basi mke analalamikia nini. Nikamweleza habari ya viti. Akaandika, akakuna kidevu, akasema mke wangu ana hoja.
Simjali. Huyo nimeshamfunga.

Alhamisi, 6 Machi
Wa pili husinzia kazini. Nilikusudia kumpa siri ndogo tu, ya kumfungia. Mdomo ukakosa breki. Nikamsimulia mke wangu alivyokuja kwangu mara ya kwanza, binti wa watu, kabeba kigoda kilichovunjika mguu, na mimi nikakitengeneza vibaya makusudi ili arudi. Akarudi. Nikakiharibu tena. Wakili akaamka kabisa, akauliza kama mke wangu anaijua habari hiyo. Nikamwambia aka, hajui, hiyo ni siri yangu.
Nikatoka nje nikiwaza kile kigoda. Nikapita nyumbani bila kupaona, nikajikuta sokoni.

Ijumaa, 7 Machi
Wa mwisho ni mama mtu mzima. Nimelia mbele yake! Nilimweleza kwamba usiku nyumba imekuwa kubwa, kwamba bado nalala upande wangu wa kitanda. Akanipa kitambaa. Akasema, haya yote, baba, kamwambie mwenyewe, tena leo, kabla hamjafika kwa msuluhishi wa mahakama Jumatatu. Nikamfafanulia kuwa yule ni upande wa pili, na upande wa pili hauonyeshwi karata.
Akavua miwani, akafumba macho muda mrefu. Nadhani amestaajabia akili zangu.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya msuluhishi. Mke wangu amekuja peke yake. Kumbe hakutafuta wakili hata mmoja! Karani alimwambia dirishani kwamba anaweza kuomba talaka mwenyewe, bila wakili. Karani yule yule! Kochi lake akilirudisha, silimalizii.
Mawakili wangu walikuwa koridoni. Wamenisalimia kama mfiwa. Yule wa usingizi akamtazama mke wangu, karibu aseme, akajiziba mdomo. Mke wangu akaniuliza wale wamenijuaje. Nikasema ni wateja.
Ndani, msuluhishi akauliza kama nina neno kwa mke wangu kabla hajaandika kwamba tumeshindwana. Mke wangu akaweka mkoba wake chini, kama mtu asiye na haraka. Akanitazama. Akasubiri. Na mimi nikaanza kumwona kwenye kiti nitakachomshonea, chake peke yake, kitambaa cha kijani kibichi, mikono mipana, jua la jioni magotini. Nikawa nachagua vifungo.
Nilipozinduka msuluhishi alikuwa anaandika. Mke wangu alikuwa ameshaokota mkoba. Alisema kwa sauti ndogo kwamba angerudi kama angesikia neno moja tu. Nikafungua mdomo. Mlango ukawa umeshafungwa.

Jumamosi, 14 Juni
Talaka imetoka. Kaka yake amepita kunijulia hali, akaropoka kwamba fundi saa amempenda dada yake na anatafuta mzee wa kumpelekea posa. Moyo umeniuma, sitaki kudanganya. Nikajilaza kwenye kochi la mteja kutuliza kichwa.
Mwanga! Wazee wa kutumwa posa mjini hapa ni wachache. Nikiwawahi wote, fundi saa atamtuma nani? Naanza kesho asubuhi. Nitamweleza kila mmoja jinsi ninavyompenda mke wangu, bila kuficha kitu, kisha nitamwapisha asimwambie mke wangu hata neno.