Dunia ya Ghorofa Saba

Kapteni hakuwahi kuongoza hata mkokoteni. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliyonunua kofia ya rubani kwenye rundo la mitumba, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, likamkaa. Wapo watu wanaotafuta vyeo kwa jasho la miaka mingi. Yeye cha kwake alikivaa kichwani, akakirekebisha kisimzibe macho, akaingia mjini kutafuta riziki.

Asubuhi hiyo riziki ilikuwa imesimama nje ya geti la nyumba yenye bati jekundu. Mume na mke wa makamo, masanduku mawili makubwa, na yule mke analifuta geti kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua kabla ya kuagana. Kapteni akapunguza mwendo. Pua yake, ambayo haikuwahi kunusa kazi, ilinusa safari.

"Mnahama, kaka?" akauliza, kofia mkononi.

"Tunasafiri," mume akajibu. "Tumeomba likizo ya mwaka mzima kazini. Tunataka kuizunguka dunia kabla magoti hayajatugomea."

"Na nyumba mnaiacha?"

"Tunaiacha," mke akasema, akashusha pumzi.

Hapa mtu mwingine angeuliza mambo ya maana: mnafanya kazi gani, mmeishi humu muda gani, nyumba ni ya nani. Kapteni hakuwa mtu mwingine. Alikuwa na kanuni moja aliyoiheshimu kuliko wazazi wake: usimwulize mtu kazi yake, maana kazi haiibiki. Mwulize ana nini.

Basi akawaambia, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali, kwamba bahati yao imeamka mapema. Yeye ni rubani wa shirika la heshima mno, lisilojitangaza, ambalo kila mwaka huchagua wanandoa wachache na kuwazungusha dunia nzima, malazi na chakula juu ya shirika. Watalipa wakisharudi, tena kwa kadiri walivyofurahi. Sharti ni dogo: ufunguo wa nyumba ubaki kwake, ili afungue madirisha na kumwagilia maua.

Mke akauliza kama ndege ina viti vya dirishani.

"Shemeji," Kapteni akasema kwa huruma, "ndege yetu haina madirisha. Wanaochungulia nje ni abiria wasioamini kama watafika. Wa daraja letu hawachungulii. Wanafika."

Mume na mke wakatazamana, yale matazamano ya watu waliokula sahani moja miaka mingi, wakakubali kabla hajamaliza sentensi iliyofuata. Samaki akijirukia mwenyewe kikaangoni, mvuvi mwenye akili huchungulia kwanza majini aone amekimbia nini. Kapteni alitafuta mafuta.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Mjini palikuwa na tajiri wa vioo, mwenye mikono minene kama miguu ya kitanda, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiitamani nyumba yenye bati jekundu lakini kila akibisha hodi anakuta mwenyewe yuko kazini. Kapteni alimfuata siku hiyohiyo, akajitambulisha kuwa mpwa wa mwenye nyumba, akapewa malipo ya awali. Tajiri alikuwa anasafiri kwenda kuagiza mzigo. Akirudi wangekwenda kufungua mlango na kukabidhiana. Hivyo kilichobaki kilikuwa kuhakikisha kwamba, hadi tajiri arudi, mume na mke wako mbali. Na kama hawawezi kuwa mbali, basi waamini kwamba wako mbali.

Hapo ndipo lilipoingia duka moja kubwa la mjini. Lilikuwa jengo la ghorofa saba, limefungwa tangu warithi wake waanze kugombana, na wao, katika busara ya watu wenye hasira, walimwajiri Kapteni alilinde. Aliishi humo na shangazi yake, aliyekuwa akilishonea duka hilo mapazia kutoka nyumbani kwake. Bidhaa nyingi zilikwisha kuondolewa, lakini zilibaki sanamu za kuvalisha nguo, vitanda vya maonyesho, mafeni, na lifti kuukuu ya mizigo yenye kuta nne za chuma zisizo na hata tundu la kupitisha nzi.

"Ghorofa moja, nchi moja," Kapteni alimwambia shangazi yake. "Wewe utakuwa wenyeji."

"Wenyeji wa nchi ipi?"

"Zote."

Shangazi akauliza ujira. Kapteni akasema ataona. Shangazi alikwisha kuona mara nyingi, lakini akavaa viatu.

Siku ya kuondoka aliwafuata mume na mke gesti walikokuwa wakimngoja, akawaleta wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, akidai kuwa kiwanja cha shirika ni siri. Alipowafungua walikuwa ndani ya lifti, imetandikwa zulia, viti viwili vimefungwa mikanda, na spika ukutani. Mume akasogea mlangoni. Akaupitisha mkono wake kwenye mlango wa chuma, polepole, kama mtu anayemshika begani rafiki waliyepotezana. Kapteni akakumbusha habari ya ufunguo wa nyumba. Mume akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mrefu wenye kidoti chekundu.

"Utunze," akasema. "Usitoke shingoni mwako."

Kapteni akautia uzi, akauvaa, akajiona mwenye shamba la maembe la wenzake.

Safari ikaanza. Shangazi, aliyekuwa kwenye kipaza sauti cha chini, alitangaza kwa sauti ya puani kwamba abiria wafunge mikanda, kisha akatupa kipaza sauti na kuanza kupanda ngazi mbio, maana ofisa wa uhamiaji wa Nchi ya Theluji alikuwa ni yeye. Ili kumpa nafasi, Kapteni aliipandisha ndege hadi juu kabisa, akaishusha hadi chini, akaipandisha tena. Mume alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Nchi ya Theluji ilikuwa ghorofa ya pili: pamba ya magodoro sakafuni, mapipa ya barafu, mafeni yote yamewashwa. Sanamu zilisimama katika makoti mazito, zimeelekezwa ukutani. Mke alisalimia moja, haikumjibu. Kapteni akaeleza kwamba watu wa baridi hawapendi maneno mengi, na kugeuka ni kupoteza joto. Shangazi, akihema kama jiko la kuvuvia, akagonga muhuri wa kiazi kilichochongwa kwenye pasi zao. Muhuri ukatoka umepinda.

Kwa mara ya kwanza mke alionekana kuumia. Aliuchukua muhuri kutoka mkononi mwa ofisa, akamwonyesha namna ya kuukandamiza na kuuzungusha kiwiko kidogo kabla ya kuunyanyua. Ukatoka umenyooka, mweusi, unang'aa. Kapteni akacheka moyoni. Mwanamke yuko ng'ambo ya bahari, anahangaika na kiazi!

Baada ya hapo wakaenda Jangwani, ambako mchanga wa mafundi ulitandazwa kati ya majiko saba ya mkaa. Wakaenda Msituni, ambako bomba lilitobolewa makusudi na shangazi alilia kama ndege wa aina tatu. Njiani kuelekea Mashariki ya Mbali lifti ilikwama kwa mtikisiko.

"Tumetua, kaka?" mume akauliza.

"Tumeegesha kidogo juu ya bahari. Tunampisha mwenzetu."

Mume akaweka sikio ukutani. Kisha akainuka, akapiga ngumi mbili chini ya vitufe, mahali pamoja, na lifti ikaguna na kuendelea.

"Mazoea," akasema, akikaa. "Hata redio ya nyumbani naipiga hivyo."

Kapteni karibu amkumbatie. Tangu aanze kuwapunguzia watu mizigo hakuwahi kukutana na bwege aliyekamilika kiasi hicho.

Tatizo la dunia ni kwamba haiishi kudai. Barafu iliyeyuka kila asubuhi, mkaa ukaisha kila jioni, na wale wasafiri walikuwa na hamu ya kula isiyo na mipaka ya nchi. Jangwani walitaka samaki. Kwenye theluji walitaka matikiti. Kapteni, aliyezoea kuishi kwa ulimi, alijikuta anabeba magunia kama punda wa mtu mwingine, na malipo ya awali ya tajiri yakayeyuka pamoja na barafu. Kila baada ya chakula cha mchana alilala kama gogo, na hata moto ungewaka asingejua. Lakini kila akiamka aliushika ufunguo kifuani, akaiona nyumba yenye bati jekundu, akapata nguvu ya gunia jingine.

Hakuthubutu kwenda kuujaribu mlango. Mwizi mstaarabu, alisema, haonekani kizingitini mara mbili.

Siku moja alirudi na barafu akakuta Jangwa limejaa watu. Wazima, wanaotembea, wanaonunua maji. Bibi mmoja alikuwa ameketi mchangani anapigwa picha na sanamu. Kapteni akadhani shangazi kaajiri wenyeji wa ziada. Shangazi naye alipopita na trei ya chai alimtazama mpwa wake kwa namna ileile. Kapteni hakuuliza, kwa kuogopa kwamba atakayeuliza ndiye atakayeambiwa alipe. Akapita katikati yao na kofia yake, akawapungia mkono. Wakampigia makofi. Ilimgusa.

Hatimaye tajiri wa vioo akarudi. Kapteni alinyoa ndevu, akaipiga kofia brashi, akampeleka hadi mlangoni pa nyumba yenye bati jekundu. Akauvua ufunguo shingoni kwa madaha ya kuhani, akauchomeka.

Haukuingia. Akaugeuza juu chini. Akaulamba. Tajiri alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati pale mlango ulipofunguliwa kutoka ndani na mzee mmoja mng'oa meno, koleo bado mkononi.

"Mna miadi?"

Kapteni, ulimi ukiwa mzito kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, akauliza wako wapi wenye nyumba, mume na mke.

"Mwenye nyumba ni mimi," mzee akasema. "Wale walikuwa wapangaji wangu wa chumba cha uani. Watu wema sana. Mama yule alisafisha hata geti siku ya kuhama. Walikuwa na nauli ya kwendea hiyo safari yao, ya kurudia hawana. Niliwaambia wasikate tamaa, Mungu atawatumia mtu."

Tajiri wa vioo alimgeukia mtu aliyetumwa na Mungu. Lakini Kapteni alikuwa ameshafika kona ya mtaa, kofia kwapani, anakimbia kwa namna ambayo ndege yake haikuwahi kukimbia.

Mbele ya duka alikuta foleni imezunguka jengo. Kila mtu ana tiketi, na kila tiketi ina muhuri ulionyooka, mweusi, unaong'aa. Akaipasua foleni, akajitupa ndani ya lifti, akabonyeza kitufe cha ghorofa ya vitanda ambako wasafiri walilala. Lifti ikapanda, ikapanda, ikasimama. Akapiga ngumi chini ya vitufe. Akapiga pembeni. Akapiga kila mahali.

Spika ikakwaruza.

"Usijiumize, kaka," ikasema sauti ya mume, tulivu. "Nimezima swichi kubwa ya lifti huku chini."

"Wewe unaijuaje swichi?"

"Mimi ni fundi wa lifti. Hii nimeitengeneza tangu duka lina wateja. Ulipotufungua macho nikajua tumefika kazini, nikataka kurudi nyumbani. Mke wangu akasema tungoje tuone chakula."

"Na yeye?"

"Karani wa posta. Hukuuliza hata kwa bahati mbaya."

Kapteni akateleza ukutani hadi akakaa kwenye kiti cha abiria. Akauliza, kwa sauti ndogo, huo ufunguo basi ni wa nini.

"Wa chumba cha mitambo, juu ya paa. Mtu akiingia mle na kuzungusha gurudumu, lifti inashuka yenyewe hata bila umeme. Ndiyo maana nikakwambia usitoke shingoni mwako."

"Lakini mimi nimo ndani ya lifti!"

 Yule fundi alionekana kulifikiria jambo hilo kwa haki.

"Hilo nalo neno," akasema.

Mkewe akachukua kipaza sauti, akamshukuru shemeji yake kwa ukarimu, akamweleza kwamba kwa tiketi walizouza kila alipolala mchana nauli ya kurudi imepatikana na ya ziada ipo, na kwamba mwaka wa likizo haujaisha hata robo. Teksi ilikuwa nje. Kapteni akaona amebakiwa na mtu mmoja duniani.

"Shangazi," akaita. "Shangazi yangu, waambie waniwashie."

"Nipo, baba," shangazi akajibu, na nyuma yake ilisikika zipu ya sanduku. "Ila tunachelewa. Nimekuwa ofisa wa theluji muda wote huu, sijawahi kuiona. Ujira wangu usijali. Nimeshaona."

Spika ikanyamaza. Kapteni akabaki kati ya Jangwa na Msitu, nchi asizozijua vizuri ingawa alizijenga. Maji ya bomba lililotobolewa yakapenya dari ya lifti, yakaanza kudondoka juu ya kofia yake.

Baada ya muda taa zikawaka. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa amechoka kusubiri, akaiona swichi kubwa, akaibonyeza. Lifti ikaguna, ikaanza kushuka polepole kuelekea kwa waliolipa. Kupitia chuma Kapteni alisikia kelele za watu wanaoitaka dunia yao, na juu ya kelele zote, sauti nene ya mwuza vioo akiwaomba wenzake kwa adabu wampishe, kwani naye amekata tiketi.

Kapteni akasimama. Akakung'uta kofia, akaivaa, akairekebisha kidogo imzibe macho.